Uji Usiyafukuze Maziwa

Mjini Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, chakula cha kwanza cha mtoto katika nyumba nyingi ni kimoja: uji wa bunga ya mahindi, mwepesi, uliotiwa sukari kidogo. Hupikwa asubuhi kwenye mbabula (jiko la makaa) kabla makaa hayajapewa sufuria ya wakubwa, hupozwa, kisha mtoto hunyweshwa mpaka anyamaze na kusinzia. Mama akiona hivyo roho yake hutulia, kwa kuwa mtoto ameshiba. Hiyo shibe ndiyo ninayotaka tuichunguze hapa. Mtoto anayeanza kula hupewa maziwa na chakula kwa pamoja, na watu wengi huvichukulia hivi viwili kama zamu: kimoja kikiingia, kingine kitoke. Nasema kwamba kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12 fikra hiyo ina madhara. Chakula kinaletwa kukaa juu ya maziwa, kuongeza kile ambacho maziwa hayana. Uji mwepesi hauongezi. Unachukua nafasi ya maziwa huku wenyewe ukiwa na nguvu ndogo kuliko maziwa hayo.

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu inasema zaidi ya ushauri. Mililita 100 za maziwa ya mama zina wastani wa kilokalori 65 hadi 70. Kikombe kamili cha mililita 250, kwa hiyo, kina kama kilokalori 165. Chukua sasa kikombe hicho hicho ukijaze uji uliopikwa kwa kijiko kikubwa kimoja na nusu cha unga, yaani gramu 15 hivi. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa kilokalori 350 au zaidi kidogo, basi kikombe chote kina kilokalori 50 na ushee. Sukari ya kijiko cha chai huongeza nyingine 15 au 20. Tumbo la mtoto linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na mtoto wa kilo 8 akimaliza kikombe kimoja amejaa hadi shingoni. Hatanyonya kwa muda mrefu, na akinyonya atanyonya kwa uvivu. Matiti nayo hutengeneza maziwa kadiri yanavyoondolewa. Yakibaki yamejaa, mwili huelewa kwamba kazi imepungua. Baada ya majuma machache mama anasema maziwa yangu yamekauka, nkambo, yaani bibi, anasema mtoto ameanza kuyachoka, na jibu la wote wawili ni kuongeza uji. Mtoto halii kwa njaa kwa sababu tumbo limejaa maji yenye wanga kidogo. Mizani ndiyo hugundua, na mara nyingi hugundua imechelewa.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na Shirika la Afya Duniani pamoja na tawi lake la bara la Amerika unakadiria kwamba mtoto anayenyonya kwa kiasi cha kawaida katika nchi kama zetu anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku kutoka kwenye chakula akiwa na miezi 6 hadi 8, kisha 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 akiwa na miezi 12 hadi 23. Mahitaji yake yote kwa siku, maziwa na chakula pamoja, huanzia kama 615 na kukaribia 900 kufikia mwaka wa pili. Maana yake ni kwamba mtoto wa miezi 7 bado anapata theluthi mbili ya nguvu zake kifuani mwa mama, na wa mwaka na nusu anapata zaidi ya nusu kutoka chunguni. Uwiano huu unahama polepole, mwezi kwa mwezi, na hakuna siku moja ambayo maziwa yanavuliwa cheo na chakula kuvishwa.

Ikiwa maziwa yana nguvu kiasi hicho, kwa nini basi tusimwache mtoto anyonye tu mpaka atembee? Kwa sababu kuna vitu ambavyo maziwa ya mama hayawezi kuvitoa vya kutosha baada ya nusu mwaka, na cha kwanza ni madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na akiba ya chuma ndani ya ini, na akiba hiyo humfikisha karibu na miezi 6. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Kinanyonywa vizuri na utumbo, lakini ni kidogo. Kufikia miezi 9, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chuma anachohitaji mtoto lazima zitoke kwenye chakula, na zinki iko karibu na hapo. Bila chuma damu hupungua, na ubongo unaokua kwa kasi hukosa sehemu ya vifaa vyake vya ujenzi. Basi ukiuliza kijiko cha kwanza cha chakula kinatafuta nini katika kinywa cha mtoto wa miezi 6, jibu ni kwamba kinatafuta kupeleka chuma na zinki. Kujaza tumbo ni kazi ambayo maziwa bado yanaifanya vizuri zaidi. Sasa angalia uji wa mahindi mweupe: chuma chake ni kidogo, na hicho kidogo kimefungwa na fitati iliyomo ndani ya nafaka, hata utumbo unashindwa kukichukua. Tumemwondolea mtoto maziwa, tukampa kitu kisicho na nguvu ya maziwa wala chuma tulichokuwa tunakitafuta.

Hapo ndipo naona kwamba ushauri wa kawaida wa kituo cha afya, ule wa "mpe mtoto chakula mara mbili au tatu kwa siku", ni sahihi lakini haujakamilika. Mara tatu za uji gani? Idadi ya milo ina maana pale tu tunapojua uzito wa kile kilicho kwenye bakuli. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF inataka mtoto aanze na vijiko 2 au 3 kwa mlo, apande polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250, abaki kwenye nusu kikombe mpaka karibu mwaka, na baada ya hapo robo tatu ya kikombe au kikombe kizima. Nusu kikombe ni kidogo kuliko kile ambacho mama wengi wa Lubumbashi wanampa mtoto kwa mara moja. Lakini nusu kikombe hicho kiwe kizito, kibaki juu ya kijiko ukikiinamisha. Pika kwa gramu 15 za unga katika nusu kikombe badala ya kikombe kizima, ongeza kijiko cha chai kilichojaa cha karanga zilizosagwa na kijiko kidogo cha mafuta mekundu ya mawese: unapata kama kilokalori 130 ndani ya mililita 125. Mara mbili kwa siku, mtoto wa miezi 7 amevuka zile 200 zake, na tumbo limebaki na nafasi ya kunyonya usiku na mchana. Mafuta mekundu pia yanaleta vitamini A, ambayo unga mweupe hauna.

Uji mzito una shida yake, na akina mama wanaijua kuliko mimi. Ukipoa unaganda, mtoto asiye na meno anautema, na dada yake wa miaka 9 aliyeachiwa kazi ya kumlisha anaongeza maji ili kazi iishe. Kwa hiyo swali la kweli ni jinsi ya kuweka unga mwingi ndani ya uji bila kuufanya udongo. Jibu lake liko katika ndoo za munkoyo zinazouzwa mitaani Lubumbashi kila siku. Anayetengeneza munkoyo hupika kwanza uji wa mahindi mzito, huuacha upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha huchovya humo mizizi ya munkoyo iliyopondwa mpaka ikawa nyuzinyuzi. Baada ya muda si mrefu ule uji uliokuwa unashika mwiko unalegea, unatelemka, unakuwa kinywaji chenye utamu ambao hakuna aliyeutia sukari. Mizizi ile ina vimeng'enya vinavyokata wanga vipande vipande. Unga haukupungua hata chembe, umebadilika umbo tu. Munkoyo wenyewe asipewe mtoto mchanga: maji yake hayajulikani yalikotoka, na ukichacha unapata kilevi. Lakini kanuni yake ni ile ile waliyoitumia Alexander Mosha na Ulf Svanberg nchini Tanzania, ambao mwaka 1983 walichapisha kazi yao kuhusu unga wa kimea: nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito wa mtoto ungali na joto, uji unalainika kwa dakika chache huku ukibaki na nguvu zote. Wimbi, yaani ulezi, unafaa zaidi kwa kazi hii. Machipukizi ya mtama yana sumu ya asili, hivyo mtama ulioota unahitaji kung'olewa miche yake yote na uji kuchemshwa tena. Jambo linalonisikitisha ni kwamba maarifa ambayo mji mzima unayo kwa ajili ya kinywaji cha wakubwa hayajavuka kuingia kwenye bakuli la mtoto.

Kuhusu chuma, Katanga, eneo letu hili, haina sababu ya kulia umaskini wa vyakula. Chisense wanaovuliwa katika Ziwa Moero na ndagala wa Tanganyika hufika masoko ya Lubumbashi wakiwa wamekaushwa, na huuzwa kwa kipimo kidogo ambacho mfuko mwepesi unakiweza. Samaki hawa huliwa wazima, kichwa na mifupa, ndiyo maana wanabeba kalsiamu, chuma na zinki kwa pamoja. Wachambue mchanga, wakaange kidogo bila mafuta, wasage wawe unga, uweke kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja cha unga huo katika kila uji kinafanya kazi ambayo sukari haijawahi kuifanya. Bitoyo, samaki wa chumvi, ni jambo jingine: chumvi yake ni nyingi mno kwa figo za mtoto. Mayai, maharagwe yaliyopondwa na kumenywa ganda, lenga-lenga (mchicha) na sombe (kisamvu) iliyotwangwa na kuchemshwa vizuri vina nafasi yao, na mboga za majani zikiambatana na samaki chuma chake huchukuliwa vizuri zaidi. Tahadhari moja kuhusu karanga na mahindi: zilizoota ukungu zisipewe mtoto, hata kama zimepepetwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, huko Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu ya ukungu yaliwaua watu 125.

Viwavi, ambavyo huuzwa vikavu na kupendwa sana na watu wa Katanga, vimepimwa kwa njia ya kisayansi katika nchi hii hii ya Kongo. Katika jimbo la Équateur watafiti waliwapa watoto wachanga unga uliochanganywa na viwavi kuanzia miezi 6 hadi 18, wakawalinganisha na wenzao waliokula kama kawaida, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Urefu wa watoto haukubadilika. Waliodumaa walikuwa wengi kwa kiasi kile kile pande zote mbili. Lakini damu ya waliokula viwavi ilikuwa bora, na wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Nayaamini matokeo haya kwa sababu hayaahidi mengi. Kudumaa kuna mizizi mirefu, katika afya ya mama mwenye mimba, katika kuhara kunakorudi kila mwezi, katika malaria, na bakuli la uji peke yake haliwezi kuyabeba yote. Kazi ya Ghislain Bisimwa na wenzake huko Kivu Kusini, iliyochapishwa mwaka 2012, inafundisha jambo linalofanana na hilo: walimlinganisha mtoto aliyepewa chakula maalumu cha soya, mahindi na mtama kilicho tayari kuliwa, na yule aliyepewa uji wa unga uliochanganywa, na ukuaji haukutofautiana. Mama aliye na unga mzuri wa mchanganyiko hana haja ya kujiona amepungukiwa kwa kukosa bidhaa ya kifurushi.

Kwa nini, hata hivyo, kuna hamu kubwa mjini ya kumtoa mtoto kwenye ziwa mapema, kana kwamba kunyonya kwa muda mrefu ni mambo ya kijijini? Fikra hii ina historia, na sehemu yake iliandikwa hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliacha mtindo wa kuleta vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikitarajia watoto wa kambi wawe wafanyakazi wa kesho. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika andiko lake la 1988, ameonyesha jinsi Wabelgiji wa Kongo walivyoitazama desturi ya kunyonyesha miaka 2 au 3, mama akiwa ametengana kitandani na mumewe, kuwa kizuizi cha uzazi. Kliniki za watoto, mizani, maziwa na vyakula vya mapema vilikuja vimefungwa pamoja na lengo hilo. Kliniki ziliokoa maisha ya wengi, hilo lisikanushwe. Ila ujumbe wa kwamba ziwa lifupishwe haukutokana na tumbo la mtoto. Ulitokana na hesabu ya watu ambao shamba na mgodi vilikuwa vinawahitaji. Sayansi ya leo imerudi pale walipokuwa nkambo zetu: Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi, na mwongozo wake mpya wa 2023 umelishikilia hilo.

Kuna wanaopinga kwa hoja nzito, na hazifai kupitwa. Ya kwanza ni ya mtoto wa miezi 4 anayelia usiku na kufuata kwa macho kila kijiko kinachokwenda kinywani mwa baba yake. Shangazi aliye Brussels anasema kwenye simu kwamba daktari wa huko ameruhusu mboga zilizosagwa tangu miezi 4. Ni kweli, vyama vya madaktari wa watoto wa Ulaya hukubali chakula kianze kati ya miezi 4 na 6. Lakini mtoto wa Brussels huchanganyiwa chakula kwa maji ya bomba ambayo hayamtishi mtu, na Lubumbashi ni mji ambao kipindupindu kimerudi mara nyingi. Kila kijiko kinachoingia mapema hapa kinaingia na maji ya kisima, na utumbo wa mtoto wa miezi 4 hauna ulinzi wa kupambana nayo. Kufuata kijiko kwa macho ni udadisi wa umri ule. Kulia kunaweza kuwa njaa, na dawa yake ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi kwa siku kadhaa, ambako huongeza maziwa yenyewe. Ikiwa uzito umesimama kwenye kadi, hapo kweli kuna jambo la kwenda kuulizia, na mahali pa kuuliza ni kituoni.

Hoja ya pili ni ya kazi, na kwangu ndiyo ngumu kuliko zote. Tangu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoanguka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka kwa mpango wa kujiuzulu kwa hiari mwaka 2003 na 2004, mama ndiye aliyebeba nyumba nyingi za mji huu: anauza unga, nguo kuukuu, mkaa, anakwenda hadi Kasumbalesa mpakani na kurudi jioni. Kumwambia mama huyo anyonyeshe kila mtoto anapotaka ni kumwambia afunge duka. Yako anayoyaweza. Anaweza kunyonyesha alfajiri kabla ya kutoka, kunyonyesha mara tu arudipo, na kumwachia mtoto ziwa usiku kucha. Maziwa ya usiku ni sehemu kubwa ya maziwa ya siku. Anaweza kukamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa. Kwenye kivuli chenye joto lisilozidi nyuzi 25, yatakaa salama saa 4, na hali ya hewa ya Lubumbashi, mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, humsaidia kwa miezi mingi. Mtoto apewe kwa kikombe, maana chupa na chuchu yake ni vigumu kusafisha kwa maji ya ndoo. Na ile milo miwili au mitatu ya uji mzito iangukie saa ambazo mama hayupo, ili chakula kijaze pengo ambalo tayari lipo badala ya kuchimba pengo jipya. Mlezi aonyeshwe kwa macho uzito wa uji unaotakiwa. Maneno peke yake hayatoshi, kwa sababu kila mtu ana wepesi wake kichwani.

Hoja ya tatu ni ya wale watakaosema haya yote ni mazungumzo ya wenye nacho. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na wanaonyonya maziwa matupu kabla ya miezi 6 hawafiki nusu. Wale wa miezi 6 hadi 23 waliokuwa wanalishwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika hawakufika mmoja katika kumi. Umaskini upo ndani ya namba hizo, sikatai, na mwaka ambao mpaka wa Zambia unafungwa kwa mahindi bei ya unga hupanda hata kwa wenye mshahara. Lakini umaskini unazidisha thamani ya maziwa ya mama, hauipunguzi: ndicho chakula pekee cha mtoto ambacho bei yake haipandi. Na fedha ya sukari inayotiwa kwenye uji kwa juma moja inaweza kununua kipimo cha chisense. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni kutumia fedha hizo kwa nafaka za kopo zinazonadiwa kama chakula cha mtoto mwerevu. Mwaka 2024 shirika la Uswisi la Public Eye lilionyesha kwamba Cerelac ya Nestlé iliyokuwa ikiuzwa katika nchi nyingi za Afrika na Asia ilikuwa na sukari iliyoongezwa, wakati nafaka za watoto za kampuni hiyo hiyo zilizouzwa Uswisi kwenyewe hazikuwa nayo.

Hoja ya nne ni ya maziwa "yaliyoharibika" kwa sababu mama ameshika mimba nyingine, ama kwa sababu anaishi na virusi vya UKIMWI. Mimba mpya haigeuzi maziwa kuwa sumu. Hupunguza wingi wake, ladha ikabadilika kidogo, na mtoto aliyeachishwa ghafla kwa ajili hiyo ndiye yule ambaye daktari Cicely Williams alimweleza kule Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1933, na baadaye akalichukua jina la ugonjwa kutoka kwa watu wa kabila la Ga wenyewe: kwashiorkor. Huko Kivu walimjua vilevile, wakauita bwaki. Mama mjamzito anayekula vya kutosha anaweza kuendelea kunyonyesha, na kama kuna shida ya mimba kuharibika atamsikiliza mkunga wake. Mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku anashauriwa tangu 2016 anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24 kama wengine, ilimradi dawa hazikatizwi.

Baada ya mwaka wa kwanza hoja yenyewe inageuka, na hapa nawapa haki wale wanaosema mtoto anyonyaye sana hali chakula. Mtoto wa miezi 18 anayebebwa mgongoni na kunyonya kidogo kidogo mchana kutwa, bila kuona sahani, hatafikisha zile kilokalori 550. Kwa umri huu mlo utangulie na ziwa lifuate, milo iwe 3 au 4 na kitu kidogo katikati, ndizi mbivu, parachichi, yai. Apewe sahani yake mwenyewe: kwenye sinia la bukari (ugali) la watu wote, mkono mdogo hushindwa mbio, na hakuna anayejua amekula nini. Bukari ilainishwe kwa mchuzi wenye samaki ndani, kwa kuwa mchuzi mtupu ni maji ya chumvi. Chai aikose, hata ile ya maziwa, kwani inazuia chuma kuchukuliwa na mwili. Na mtoto ambaye kwa sababu yoyote hanyonyi anaweza kupewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa baada ya miezi 6, yakiwa sehemu ya mlo, yasizidi nusu lita kwa siku, la sivyo yatarudia kosa la uji: kujaza tumbo na kuacha damu ikikosa chuma.

Siku ya kupima watoto, akina mama hukaa foleni asubuhi nzima kituoni, mtoto anatundikwa kwenye mizani, namba inaandikwa kwenye kadi, sindano inachomwa, wanarudi nyumbani. Programu ya taifa ya lishe, PRONANUT, inataka siku hiyo iwe pia na mafunzo ya kulisha, na katika vituo vingine huwa nayo, kwa picha na kwa mdomo. Mbabula moja, sufuria ndogo, kikombe cha mililita 250 na kijiko kimoja cha unga wa ndagala vingetosha kupika uji mbele ya foleni ile, mama mmoja mmoja akainamisha kijiko na kuona kama unabaki au unatiririka.